MOTOKAA KUUKUU: NGUVU ZAIDI KWA PETROLI KIDOGO

Somo kwa wakulima wa skimu wenye motokaa kubwa za zamani



Wapo wakulima wengi wa skimu walio na motokaa kubwa ya zamani. Huenda yako ni Peugeot 504 ile ndefu yenye safu tatu za viti, au pikapu yake, au Land Rover ya petroli ya chasi ndefu. Peugeot 504 ilianza kuuzwa mwaka wa 1968, na kwa miaka mingi iliunganishwa papa hapa Kenya, mjini Mombasa. Ni motokaa ngumu, na fundi wa kijijini anaifahamu. Alfajiri hubeba maziwa, siku ya soko hubeba viazi, na usiku wa manane humpeleka mgonjwa hospitali.

Lakini kila mwenye motokaa kama hii ana malalamiko mawili. La kwanza, inakunywa petroli mno. La pili, haina nguvu mlimani kama zamani. Wengi hudhani mambo haya mawili yanapingana. Hudhani ya kuwa anayetaka nguvu lazima alipe kwa petroli, na anayetaka kuokoa petroli lazima akubali motokaa dhaifu. Kwa injini iliyochoka si hivyo. Mara nyingi mwizi ni mmoja. Petroli isiyochomeka vizuri haitoi nguvu, na breki inayoshika daima hula petroli na nguvu pamoja. Mkamate mwizi huyo, nawe utapata vyote viwili.

Somo hili litakuonyesha namna ya kumtafuta, hatua kwa hatua, kwa kuanza na mambo yasiyo na gharama. Usiruke hatua. Fundi wengi huanza na kabureta, maana ni rahisi kuifikia na bisibisi. Katika somo hili kabureta ni ya mwisho, na utaona sababu yake.

PIMA KABLA YA KUGUSA KITU

Mkulima hawezi kujua kama chakula kipya kimemfaa ng'ombe wake ikiwa hapimi maziwa. Motokaa ni vivyo hivyo. Fanya hivi:

Jaza tangi mpaka juu kabisa katika kituo cha petroli. Andika katika daftari kilometa zilizo kwenye dashibodi. Endesha kazi zako za kawaida mpaka upite kilometa 200 au zaidi. Rudi katika kituo kile kile, pampu ile ile, ujaze tena mpaka juu. Andika lita zilizoingia na kilometa mpya. Gawanya kilometa ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Ikiwa mita ya kilometa imekufa, itengeneze kwanza, ama pima kwa njia unayoijua urefu wake, kama ile ya kutoka kwako mpaka mjini.

Tuseme umekwenda kilometa 280 na lita 40 zimeingia. Basi motokaa yako inakwenda kilometa 7 kwa lita moja. Sasa tuseme baada ya kuitengeneza inakwenda kilometa 9 kwa lita. Ukisafiri kilometa 300 kila wiki, hapo kwanza ulitumia karibu lita 43, na sasa unatumia karibu lita 33½. Umeokoa lita 9½ kwa wiki. Kwa mwaka mzima ni karibu lita 500, yaani madebe 25 ya lita 20. Zidisha lita hizo kwa bei ya petroli ya leo. Kisha gawanya kwa bei unayolipwa kwa lita moja ya maziwa. Utaona ni maziwa mangapi yanayomwagika kupitia bomba la moshi kila mwaka. Maziwa hayo yangelipa karo au mkopo wa ng'ombe.

Pima nguvu pia. Chagua mlima mmoja unaoujua, wenye njia wazi. Siku moja, ukiwa na mzigo unaoujua, panda ukitazama ni gia gani motokaa inashika na inafika juu kwa mwendo gani. Andika. Baada ya kila tengenezo, panda mlima huo huo na mzigo ule ule. Tengeneza jambo moja tu kwa mara moja, ndipo utajua ni lipi lililosaidia.

HEWA YA MILIMANI

Kabla ya kuilaumu injini, jua jambo moja ambalo haliwezi kutengenezwa. Injini haili petroli peke yake. Kila kilo 1 ya petroli huhitaji kadiri ya kilo 15 za hewa ili ichomeke vizuri. Na kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu 10 katika 100 za nguvu zake.

Kinangop iko kadiri ya mita 2,500 juu ya bahari. Kwa hiyo motokaa iliyo nzima kabisa, ikifika Kinangop, imepoteza zaidi ya sehemu moja kati ya tano za nguvu ilizokuwa nazo Mombasa. Hiyo si kosa la fundi wala la injini. Ukisikia mtu wa pwani akijisifu jinsi 504 yake inavyopanda na abiria tisa, usione wivu.

Lakini kuna sehemu nyingine ya jambo hili ambayo inaweza kutengenezwa. Kabureta haijui kupima uzito wa hewa vizuri. Hewa inapokuwa nyepesi, kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini huendelea kumwaga petroli nyingi kupita kiasi. Katika mita 2,500 inaweza kuzidisha karibu sehemu moja katika nane. Petroli hiyo ya ziada haichomeki. Hutoka nje ikiwa moshi mweusi na masizi. Hapo unapoteza petroli, na nguvu haziongezeki hata kidogo. Tutarudi kwenye jambo hili mwishoni.

HATUA YA KWANZA: MAGURUDUMU YAZUNGUKE KWA UHURU

Anza chini. Siku motokaa imepoa, pima upepo wa matairi yote kwa kipimo, si kwa kupiga teke. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko kunakula nguvu za injini. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, nawe ukibeba mzigo mzito, fuata kipimo cha mzigo.

Kisha weka motokaa mahali tambarare. Zuia magurudumu kwa mawe, inua gurudumu moja kwa jeki, na uweke kigogo imara chini ya motokaa. Usiamini jeki peke yake. Weka gia huru. Unapoinua gurudumu la nyuma, legeza breki ya mkono. Zungusha gurudumu kwa mkono. Lizunguke kwa urahisi, bila kukwama. Likiwa zito, breki inashika. Huenda waya wa breki ya mkono umeshika kutu, au pistoni ya breki imekwama kwa matope na vumbi. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne.

Kuna njia nyingine ya kujua. Baada ya safari ya kilometa kumi bila kutumia breki sana, simama na usogeze mkono karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko mengine, hapo ndipo petroli yako inapopotelea. Breki inayoshika ni hatari pia: siku ya kuteremka mlima huwa imekwisha kupata moto kabla hujaihitaji.

Tazama matairi ya mbele. Yakiwa yameliwa upande mmoja, magurudumu hayakunyooka, yanaburutwa njiani badala ya kuviringika. Mwambie fundi ayapime.

Mwisho, pakua mzigo usio na kazi. Jembe la plau, mnyororo, mawe ya kuzuia gurudumu matano wakati mawili yanatosha, magunia matupu yaliyolowa: vyote vinapanda mlima kwa petroli yako. Keria ya juu nayo hushika upepo hata ikiwa tupu. Iondoe siku ambazo huitumii.

HATUA YA PILI: INJINI IPUMUE

Fungua chujio la hewa. Barabara zetu zina vumbi, na chujio lililojaa vumbi ni sawa na mtu anayekimbia huku ameziba pua. Hewa ikikosekana, kabureta huvuta petroli zaidi, na moshi huwa mweusi. Chujio la karatasi lililojaa, badilisha. Chujio la bakuli la oili, mwaga oili chafu, osha bakuli na wavu wake kwa mafuta ya taa, kausha, na utie oili safi mpaka kwenye alama, isipite. Wakati wa kiangazi tazama kila wiki mbili. Usiendeshe kamwe bila chujio eti upate nguvu. Vumbi hilo ni kama msasa. Litakula pistoni na silinda, na baada ya muda mfupi utanunua injini.

Sasa mwite mtoto au jirani akanyage pedeli ya mafuta mpaka chini kabisa, injini ikiwa imezimwa. Wewe tazama kwenye kabureta. Kile kilango cha hewa kimefunguka kabisa? Katika motokaa za zamani, zulia lililokunjamana chini ya pedeli au waya uliolegea huzuia kilango kisifunguke kabisa. Mwenye motokaa huendesha miaka na miaka akitumia robo tatu tu ya injini yake. Kukaza waya huo hakuna gharama.

Tazama na choki. Ukisukuma kitufe cha choki ndani, kilango chake kibaki wazi wima. Choki iliyokwama nusu hunywa petroli mchana kutwa.

HATUA YA TATU: JOTO LA INJINI

Hapa kuna kosa lililoenea sana. Injini ikipata moto kupita kiasi, fundi hung'oa thamostati na kuitupa, na tatizo huonekana limekwisha. Kumbe ameliacha tatizo lenyewe, yaani rejeta iliyoziba au feni belti iliyolegea, na ameongeza jingine.

Thamostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini imepata joto la kufaa. Bila hiyo, katika asubuhi ya baridi kama zile za Kinangop, Ol Kalou au Molo, injini haipati joto kamwe katika safari fupi ya kupeleka maziwa. Petroli hugeuka matone badala ya mvuke, hushuka pembeni mwa pistoni, huosha oili kwenye kuta za silinda na kuingia katika oili chini. Unapoteza petroli leo, na injini kesho.

Basi rudisha thamostati. Kabla ya kuifunga, ijaribu: itie katika sufuria ya maji pamoja na kipimo cha joto, uyachemshe, uone kama inafunguka karibu na kipimo kilichopigwa chapa juu yake. Ikikataa kufunguka, nunua nyingine.

Kumbuka pia kwamba katika mita 2,500 maji ya kawaida huchemka yakifika kadiri ya digrii 92, si 100. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta chenye springi ni muhimu sana huku juu. Hukandamiza maji yasichemke mapema. Ukifunika rejeta kwa kitambaa au kifuniko kisichokaza, utapoteza maji hata kama injini ni nzima. Wala usifungue kifuniko injini ikiwa moto.

HATUA YA NNE: CHECHE

Ng'oa plagi zote, moja moja, uziweke kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi huzungumza. Ikiwa ncha yake ni ya rangi ya kahawia hafifu au ya majivu, silinda hiyo inachoma vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, oili inapanda kutoka chini au inashuka kwenye vali. Ikiwa nyeupe kabisa na imeanza kuyeyuka, kuna joto la hatari: hewa imezidi au taimingi si sawa. Plagi moja ikitofautiana na wenzake, tatizo liko katika silinda ile moja, si katika kabureta.

Pima nafasi ya plagi kwa fila, yaani vile vibapa vyembamba vya chuma vilivyoandikwa vipimo. Kwa Peugeot 504 ni kadiri ya milimita 0.6. Kwa Land Rover ya petroli ya lita 2¼ ni kadiri ya milimita 0.75. Kitabu cha motokaa yako kikisema vingine, fuata kitabu.

Fungua distributa. Ndani yake kuna pointi, vile vidomo viwili vinavyogusana na kuachana. Vikiwa vimechimbika na kufanya kilima, badilisha pamoja na kondensa. Vinapokuwa wazi kabisa, nafasi yake ni kadiri ya milimita 0.40. Tazama kifuniko cha distributa kama kina ufa, na waya za plagi kama zimekauka na kupasuka. Njia nzuri ya kuona ni usiku: washa injini nje, mahali penye giza, ufungue boneti. Ukiona cheche za buluu zikirukaruka juu ya waya, moto wa injini yako unavuja. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Kando ya distributa kuna kikopo chenye mpira mwembamba unaokwenda kwenye kabureta. Kazi yake ni kuwahisha cheche unapoendesha bila kukanyaga sana. Mara nyingi ngozi iliyo ndani yake imetoboka, na hakuna anayejua. Nguvu za mlimani hazibadiliki sana, lakini petroli huongezeka kila siku unapokwenda polepole. Kuijaribu ni rahisi. Zima injini, chomoa ule mpira upande wa kabureta, upanguse, uvute hewa kwa mdomo huku ukitazama ndani ya distributa. Sahani ya pointi isogee na kubaki pale mpaka uachilie. Isiposogea, badilisha kikopo.

Baada ya hayo, mwambie fundi apange taimingi kwa taa yake, kufuata kitabu. Huku juu milimani, ambako hewa ni nyepesi, injini nyingi za zamani huweza kuwahishwa digrii 2 au 3 zaidi, na zikapata nguvu. Lakini sikiliza unapopanda mlima na mzigo. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, injini inagonga. Rudisha nyuma upesi. Kugonga kukiendelea hutoboa pistoni.

Injini ikianza kugonga ghafula baada ya kujaza petroli, shuku petroli yenyewe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga na haina nguvu. Serikali iliongeza kodi ya mafuta ya taa mwaka wa 2018 ili kupunguza uovu huo, lakini njia salama ni kununua katika kituo unachokiamini, si kwenye mitungi kando ya njia.

HATUA YA TANO: VALI NA MGANDAMIZO

Injini hupata nguvu kwa kuibana hewa na petroli kabla ya kuziwasha. Vali isiyoziba vizuri ni kama pampu ya baiskeli iliyotoboka.

Pima nafasi za vali injini ikiwa baridi. Kwa Peugeot 504 ni milimita 0.10 kwa vali ya kuingiza na 0.25 kwa vali ya kutoa moshi. Kwa Land Rover ya lita 2¼ ni 0.25 kwa zote. Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi kuliko zamani. Petroli yenye risasi iliondolewa hapa Kenya, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imekwisha katika karibu nchi zote za Afrika kusini ya Sahara. Hilo lilikuwa jambo jema sana kwa afya ya watoto wetu. Lakini risasi hiyo ilikuwa ikilinda viti vya vali katika injini zenye kichwa cha chuma cha kawaida kisicho na pete ngumu. Katika injini hizo vali huzama polepole, nafasi hupungua, mwisho vali haifungi kabisa na huungua. Kwa hiyo ikiwa una injini ya namna hiyo, pima nafasi kila kilometa 5,000. Ukiona nafasi inapungua kila mara katika vali ya moshi, siku kichwa kitakapofunguliwa mwambie fundi aweke viti vigumu.

Kisha fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Injini iwe na joto, plagi zote zitolewe, waya wa koili uchomolewe, na pedeli ya mafuta ikanyagwe mpaka chini. Hapa uwe macho. Kipimo cha vitabu ni cha nchi ya chini. Injini inayoonyesha pauni 150 Mombasa itaonyesha kadiri ya 110 tu Kinangop, nayo ni ile ile, haina ugonjwa. Fundi akikuambia injini imekwisha kwa sababu ya namba hiyo, usikubali haraka kununua injini nyingine. Linalopimwa hasa ni tofauti ya silinda na silinda. Zikiwa karibu sawa, injini ni nzima. Moja ikiwa chini sana, tia kijiko kidogo cha oili katika tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda, pete za pistoni zimelika. Isipopanda, vali haifungi au gasketi ya kichwa imepasuka.

Silinda moja kati ya nne ikiwa imekufa, hakuna bisibisi ya kabureta itakayokurudishia nguvu. Hapa ndipo mahali pa kutumia fedha zako.

HATUA YA SITA: SASA KABURETA

Unaona kwa nini tumeichelewesha? Kama chujio limeziba, cheche ni dhaifu, vali inavuja na breki inashika, kisha ukapanga kabureta, utakuwa umeipanga kwa ajili ya ugonjwa. Siku utakapotibu ugonjwa itakuwa imekosewa tena.

Kabla ya kurekebisha, tazama kama petroli inavuja kwenye paipu, pampu au kabureta. Usivute sigara wala kutumia taa ya moto. Fundi afungue kabureta, aisafishe, apime kiasi cha petroli katika bakuli, na abadilishe sindano iliyolika. Sindano isiyofunga hufurisha bakuli, na petroli humiminika bila kuitwa. Tundu za jeti zisichokonolewe kwa waya. Waya hupanua tundu, na tundu likipanuka unywaji huongezeka daima. Zipulizwe kwa pampu ya upepo.

Ukikaa juu sana na plagi bado ni nyeusi baada ya hatua zote tano, basi mwulize fundi juu ya kupunguza jeti kubwa. Katika kabureta za Solex na Weber namba ya jeti ni kipimo cha tundu: jeti ya 130 ni tundu la milimita 1.30. Apunguze hatua moja, si zaidi, kama kutoka 130 mpaka 125. Kisha panda mlima wako wa majaribio na utazame plagi. Zikiwa za kahawia, umefika. Zikiwa nyeupe, rudisha jeti ya kwanza. Nawe ukisafiri kwenda pwani na mzigo, rudisha jeti ya zamani, maana huko hewa ni nzito na petroli itakuwa chache mno. Vali zitaungua. Weka jeti hiyo katika kopo dogo ndani ya motokaa, na usiipoteze.

MAMBO YA KUEPUKA

Utauziwa sumaku za kufunga kwenye paipu ya petroli, vidonge vya kutia ndani ya tangi, na feni ndogo za kuzungusha hewa. Idara ya Mazingira ya Marekani (EPA) imechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo. Vingi havikusaidia chochote, na vichache vilisaidia kidogo mno. Ungekuwa na sumaku ya kuokoa robo ya petroli, kila mtengenezaji wa motokaa angekwisha kuifunga kiwandani.

Usifunge kabureta kubwa kuliko ya kwanza. Usitoboe bomba la moshi eti lipumue.

Wala usiweke gia huru unapoteremka. Petroli utakayookoa ni kidogo sana, na katika mteremko mrefu kama ule wa kushuka Bonde la Ufa motokaa yenye mzigo huzidi nguvu za breki. Teremka na gia ile ile ambayo ungepandia.

Katika mwendo, kumbuka hili: upinzani wa upepo hukua haraka kuliko mwendo wenyewe. Ukitoka kilometa 80 kwa saa ukafika 100, upepo hukupinga zaidi ya mara moja na nusu. Injini kubwa ikiachwa inaunguruma ukingoja foleni ya maziwa hunywa kadiri ya lita moja kwa saa. Izime.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Motokaa yako inakwenda kilometa ngapi kwa lita moja? Kama hujui, utaijuaje?
2. Kwa nini injini nzima hupoteza nguvu ikipanda kutoka Mombasa kwenda Kinangop?
3. Gurudumu moja lina joto kuliko mengine baada ya safari. Utatazama nini?
4. Fundi ameng'oa thamostati. Ni hasara gani mbili zitakazokupata?
5. Plagi tatu ni za kahawia na moja ni nyeusi yenye mafuta. Je, kosa ni la kabureta?
6. Fundi wa milimani amepima mgandamizo akapata namba ndogo kuliko ya kitabu, lakini silinda zote ni sawa. Utanunua injini nyingine?

Soma maswali haya pamoja na jirani mwenye motokaa. Kisha anzeni wiki hii na daftari, kipimo cha upepo na jeki. Hatua tatu za kwanza mnaweza kuzifanya nyinyi wenyewe Jumapili moja mchana, na kwa motokaa nyingi fedha za kwanza za petroli zitaokolewa hapo hapo, kabla hamjamwita fundi.